Runinga ikizimika, uliza kapasita gani inarudishwa

Runinga ikigoma kuwaka, taa nyekundu ikabaki inapepesa na picha haiji, wengi husema "bodi imeungua" na kuanza kuhesabu fedha za kununua nyingine. Mara nyingi hasara si kubwa kiasi hicho. Kwenye bodi ya umeme kuna vikopo vidogo viitwavyo kapasita, vinavyotunza umeme na kuutuliza kabla haujafika sehemu nyingine. Kapasita ikichoka, kichwa chake huvimba au huvuja majimaji. Kifaa chenyewe ni cha bei ndogo, ila kikirudishwa kisichofaa, runinga hurudi kwa fundi baada ya wiki chache na fedha ya familia hutoka mara ya pili.

Jambo la kwanza ni volti. Kapasita mpya iwe na volti sawa na ya zamani au zaidi kidogo. Iliyotolewa ikiwa ya volti 16, ya volti 25 inafaa, ilimradi inaenea mahali pake. Ya volti 10 haifai hata kidogo. Kwa ile kubwa inayopokea umeme wa ukutani, tahadhari ni zaidi. Umeme wa nyumbani wa volti 230 ukishageuzwa ndani ya runinga hufika karibu volti 325, na katika runinga nyingine hupandishwa zaidi ya hapo. Kama ya zamani imeandikwa 450, isiwekwe ya 400.

La pili ni ujazo, unaoandikwa kwa maikrofaradi. Huu ubaki uleule. Dhana kwamba kubwa zaidi ni bora zaidi imeua bodi nyingi.

La tatu ni joto, na hapa wakazi wa Tabora wasikilize vizuri. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, nyumba za bati huwaka. Majimaji yaliyo ndani ya kapasita hukauka upesi kwenye joto. Kwa kawaida, joto likipungua nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo ichaguliwe iliyoandikwa nyuzi 105, si 85. Kwenye bodi ya umeme iwe pia ile yenye ukinzani mdogo wa ndani. Fundi mzoefu anaijua.

Kosa lingine ni kung'oa kapasita kwenye runinga kuukuu na kuihamishia kwenye nyingine. Hiyo nayo imeshakula miaka yake. Ya feni pia haifai, kwani imetengenezwa kwa kazi tofauti.

Zamani wapagazi walitembea kutoka Bagamoyo hadi Tabora na mizigo ya karibu kilo 30 kichwani. Leo vipuri vingi hutoka Kariakoo kwa basi au treni, safari ya zaidi ya kilomita 800. Kifaa kikikosekana Tabora, mteja mwenye haraka hushawishika kukubali "kinachokaribiana". Ni heri kusubiri siku tatu. Fundi apige picha ya maandishi yote ya kapasita ya zamani, aitume kwa muuzaji, ndipo mzigo ufungwe.

Mwenye runinga hahitaji kujua kushika chuma cha kuchomea. Inatosha aseme kwa heshima, "Fundi, naomba nione ile ya zamani na hii mpya." Fundi mwaminifu hachukii. Atazame volti, maikrofaradi na nyuzi joto, na aulize kama upande wa hasi umewekwa sawa, kwa sababu kapasita ikigeuzwa inaweza kupasuka.

Jambo moja wazazi wasilifanyie mzaha: runinga isifunguliwe nyumbani. Kapasita kubwa inaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na runinga za kichogo hutunza maelfu ya volti. Kijana anayependa ufundi akajifunze mbele ya fundi, si sebuleni peke yake.

Runinga ikisharudi, kile kitambaa kizuri cha kufuma kiondolewe juu yake. Matundu ya nyuma ndiyo pumzi yake. Isogezwe mbali na ukuta kidogo, na vumbi la kiangazi lifutwe mara kwa mara. Na kapasita zikivimba tena upesi, fundi asibadilishe tu, atafute kinachoziua.