Tuandike Leo, Kesho Haina Kalamu



Tunaanza na jambo la aibu, na aibu hiyo ni yetu wenyewe. Hapa Buyenzi, Bujumbura, tulikuwa na mwalimu wetu aliyetusomesha tangu alifu mpaka tukahitimu msahafu. Alikuwa mzee mwenye mengi kifuani. Alijua madrasa ya mtaani kwake ilianzishwa na nani, watoto walikalia nini kabla mikeka haijapatikana, na wazee gani walichanga mbao za kwanza. Alikuwa pia mtunzi wa kasida. Harusi nyingi za majirani ziliimbiwa maneno yake, lakini hayakuwa yameandikwa popote. Siku moja tukamwambia, "Maalim, tutakuja na daftari. Wewe utasimulia, sisi tutaandika." Akafurahi sana. Daftari tukalinunua siku ile ile.

Kisha ikaja Ramadhani, tukasema baada ya Idi. Baada ya Idi ikaja mitihani ya watoto. Baada ya mitihani zikaja mvua, na paa la madrasa likawa linavuja. Ikapita miaka mitatu. Kila tukikutana msikitini alituuliza kwa upole, "Lini, mwanangu?" Nasi tukajibu, "Wiki ijayo, insha Allah."

Mzee akafariki, Allah amrehemu. Siku ya tatu ya msiba binti yake akatufuata tulipokuwa tunakunja mikeka. Akasema, "Ustadhi, lile daftari la baba lipo? Tunataka wajukuu wake walisome." Tulirudi nyumbani tukalifungua. Ndani yake mlikuwa na Bismillahi, tarehe na jina la mzee. Basi.

Ndugu zetu, tangu siku ile tumelifikiria sana jambo hili la kuahirisha, hususan kuahirisha kuandika. Tunaona ni maradhi yaliyoingia katika nyumba zetu nyingi. Leo tungependa kueleza tuliyojifunza, huenda yakamfaa mwenzetu mmoja kabla hajaulizwa swali kama lile.

MARADHI YENYE JINA

Wanachuoni wetu wameyapa maradhi haya jina: taswif. Neno hilo linatokana na "sawfa", yaani "nitafanya huko mbele". Tazama ujanja wake. Mtu wa taswif hasemi "sitaki". Angesema hivyo, angalau angejijua. Yeye husema "nitafanya", na neno hilo humpa raha kana kwamba kazi imeshaanza. Sisi kwa miaka mitatu tulijiona ni watu wanaoandika kitabu cha mwalimu wao. Hata "insha Allah", neno tukufu la kumtegemea Mola, tuliligeuza kuwa njia ya adabu ya kusema hapana. Jambo hili tumeomba msamaha kwa Allah.

Tulipojichunguza tuliona kuwa sababu haikuwa uvivu. Siku zile zile tulipata saa nzima ya kukaa barazani na nyingine ya kufungua simu. Sababu ilikuwa hofu. Tulitaka kitabu kizima, kizuri, chenye lugha iliyonyooka. Kila tuliposhika kalamu tuliona maneno yetu ni mabovu kuliko kitabu kile cha kichwani, tukaiweka chini. Anayengoja mpaka aweze kuandika vizuri hangoji kitu, kwa sababu kuandika vizuri hupatikana ndani ya kuandika kwenyewe.

DENI

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika. Inaamrisha madeni yaandikwe, na inatukataza tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Hatudai kuwa aya hiyo inatuamrisha kutunga hadithi na mashairi. Hukumu yake ni ya madeni. Lakini tunapata humo funzo kuhusu tabia ya mwanadamu. Muumba wetu anajua kuwa tunasahau, na anajua kuwa tunachoka kuandika hasa vitu vidogo. Tunajiambia, "Hili dogo, nitalikumbuka." Kasida za mwalimu wetu tulijiambia hivyo hivyo.

Na je, yale tuliyopewa na wazee wetu si deni pia? Watoto wetu hapa wanasoma Kirundi na Kifaransa shuleni, na nyumbani wanazungumza Kiswahili. Vitabu vyao vya hadithi vingi vinatoka mbali, vina theluji na treni. Si vibaya kusoma ya wengine. Lakini hadithi ya nyumba yenye baba muadhini na mama muuza ndagala ataiandika nani, kama si mtu wa nyumba hiyo?

DAWA TULIYOKUWA NAYO MIKONONI

Ajabu ni kwamba dawa tulikuwa tunaifundisha kila siku. Mwalimu wetu alitusomesha kwa ubao. Mtoto huandikiwa mistari michache, huisoma mpaka ikae kifuani, kisha huufuta ubao na kesho yake huandikiwa mingine. Hakuna mtoto anayeambiwa, "Nenda ukahifadhi msahafu." Angelia. Anaambiwa, "Hii ndiyo mistari yako ya leo." Miaka inapita, na mtoto aliyeshindwa kutamka "ba" anasimama mbele ya watu na juzuu nzima.

Qur'ani yenyewe haikuteremka kwa Mtume (S.A.W.) kwa mara moja, iliteremka kidogo kidogo kwa miaka 23. Naye ametufundisha kuwa amali zinazopendwa zaidi na Allah ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache. Sisi walimu tunalisema hili katika mimbari, tunalitumia kwa watoto, halafu tukitaka kuandika tunangoja likizo ya mwezi mzima ambayo haiji.

WALIOTUTANGULIA

Imam Ibnul Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 Hijria, sawa na 1201 Miladia, aliandika vitabu vingi mno. Kimoja kinaitwa Swaydul Khaatir, maana yake kuwinda mawazo. Aliona kuwa wazo ni kama mnyama wa porini: likipita usipolifunga, halirudi. Basi alikuwa akiliandika linapomjia. Humo anasimulia habari ya wageni waliokuja kumpotezea muda kwa porojo. Hakutaka kuwafukuza, kwani ingevunja udugu. Alichofanya ni kuwawekea kazi zisizohitaji fikra: kukata karatasi, kuchonga kalamu, kufunga madaftari. Wageni wakizungumza, mikono yake inatayarisha. Wakiondoka, yuko tayari kuandika.

Katika pwani yetu ya Waswahili yupo Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na alikuwa na binti aliyekuwa anakaribia maisha ya ndoa, Mwana Hashima. Mama yule hakusema "nikipona nitamuusia". Alimtungia utendi wa beti zipatazo mia moja. Alifariki miaka kama miwili baadaye, na wasia wake unasomwa mpaka leo. Tujiulize, kama angengoja apate afya?

Na kwa jirani zetu wa Tanzania, Shaaban Robert (1909-1962) hakuwa mtu aliyekaa tu akitunga. Alikuwa mwajiriwa wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, akihamishwa kituo hadi kituo, huku akiandika. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958 zilitosha kuwa kitabu. Barua moja moja, kila moja ndogo, kwa miaka 27.

NYUDHURU TUNAZOZISIKIA

Wapo wanaosema, "Sina muda." Tunaelewa. Mama aliyeamka alfajiri kwenda sokoni hana saa moja ya bure. Lakini hatuombi saa moja, tunaomba dakika kumi.

Wapo wanaosema, "Kiswahili changu kimechanganyika." Andika hivyo hivyo kilivyochanganyika. Neno la Kirundi au la Kifaransa likija, liandike, kazi ya kunyoosha ipo siku nyingine. Mwalimu wetu naye alichanganya, na leo tungetoa kitu gani kupata ukurasa mmoja wake wa mchanganyiko!

Na wapo, hasa wazee wenzetu, wanaosema hadithi za kubuni ni uongo. Tunawaheshimu, lakini tunaona uongo ni kumfanya mtu aamini lisilokuwa. Bibi akisema "hadithi, hadithi", na wajukuu wakaitikia "hadithi njoo", hakuna aliyedanganywa. Wote wanajua wameingia katika mfano. Cha kuangaliwa ni hadithi inamfundisha nini mtoto, nalo ni jukumu la mzazi.

TUNAVYOFANYA SASA

Haya ndiyo tunayoyafanya nyumbani kwetu na kwa wanafunzi wakubwa wa madrasa. Si sheria, ni uzoefu tu.

1. Wakati mmoja. Tunaandika baada ya swala ya Alfajiri, kabla nyumba haijaanza kelele. Daftari na kalamu hulala karibu na mswala, ili tusitumie dakika tano kuvitafuta. Simu inabaki chumba kingine.

2. Kiasi kidogo. Nusu ukurasa, basi. Hata maneno yakiwa bado yanakuja tunaacha, na tunaacha katikati ya jambo, ili kesho tusianze kwa kukodolea macho karatasi tupu.

3. Kuandika kwanza, kusahihisha baadaye. Asubuhi hatufuti kitu. Jumamosi ndiyo siku ya kurudia na kurekebisha.

4. Kuwa na wasikilizaji. Alhamisi baada ya Isha kila mtu wa nyumbani anasoma alichoandika. Hairuhusiwi kucheka kosa la mtu. Swali linaloruhusiwa ni moja tu: "Halafu ikawaje?" Swali hilo limeandikisha kurasa nyingi kuliko fimbo yoyote tunayoijua.

5. Kutolipiza siku zilizopita. Aliyekosa siku tatu asijibebeshe kurasa za siku tatu, atachoka na kuacha kabisa. Arudi tu na nusu ukurasa wake wa leo.

Daftari la kurasa 96, kwa nusu ukurasa kila siku, linajaa kwa siku 192, yaani miezi sita na kidogo. Sisi letu la kwanza lilichukua miezi minane, kwa sababu tulikosa siku nyingi: homa, safari, na siku nyingine uzembe mtupu. Lakini lilijaa. Kabla ya hapo, kwa miaka mitatu, tulikuwa tumeandika mistari mitatu.

Binti mmoja wa miaka kumi na mmoja, mkimya sana darasani, alianza na mistari miwili kwa siku, hakutaka zaidi. Alikuwa anaandika habari za bibi yake anayeanika ndagala karibu na ziwa. Wiki ya nne au ya tano akatusomea jinsi mvua ilivyoanza ghafla samaki wakiwa juani, na nyumba nzima ikatoka mbio na vyandarua na mabeseni, hata mgeni aliyekuja kuposa akavua viatu akasaidia. Darasa zima likauliza, "Halafu ikawaje?" Akajibu, "Sijaandika bado." Alhamisi iliyofuata hakuna mwanafunzi aliyechelewa.

KWA WAZAZI

Enyi wazazi, mtoto hasikii mnachosema kuhusu kuandika, anatazama mnachofanya. Akiona baba ana daftari lake, naye atataka lake. Na msiwaambie watoto waandike "insha" peke yake. Wapeni kazi yenye mtu ndani yake: nenda kwa babu, muulize siku aliyofika mtaa huu alikuwa na nini mkononi. Muulize bibi mahari yake ilikuwa nini. Andika alivyosema. Hapo mtoto atakuwa ameanza kutunga na kuhifadhi kwa pamoja.

Ama sisi, deni letu hatujalilipa lote, na sehemu yake haitalipika tena hapa duniani. Tumezunguka kwa wazee waliobaki tukiwaomba watukumbushe kasida za mwalimu. Mpaka sasa tumepata tatu, na hakuna hata moja iliyokamilika. Moja ina beti nne, na mabibi wawili walioiimba harusini wanabishana juu ya ubeti wa tano. Kila mmoja ana wake, na mwenyewe hayupo wa kuwaamua. Tumeandika zote mbili. Lile daftari lenye Bismillahi hatukulitupa. Tumeendelea pale pale chini ya jina lake, na juzi tumempelekea binti yake kurasa za mwanzo. Alizisoma amesimama mlangoni, akasema, "Ni kidogo, Ustadhi, lakini ni sauti yake."

Ndugu msomaji, kuna mzee wako ambaye bado anapumua, na kuna hadithi yako ambayo bado iko kifuani. Usiku huu kabla ya kulala weka daftari karibu na mswala. Kesho asubuhi nusu ukurasa. Usitwambie "insha Allah" kama tulivyomwambia mwalimu wetu. Iseme kama inavyopaswa kusemwa, na mkono uwe umeshashika kalamu.