Kishikwambi Kilichokufa Betri

Ndugu wasomaji, khasa walimu na wazazi wa Ifakara, Mang'ula, Mlimba na vijiji vingine vya bonde la Kilombero, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililoingia katika nyumba nyingi bila ya kubisha hodi. Kishikwambi kilichokuwa kikimtumikia mwalimu, au kikiwasomesha watoto baada ya Magharibi, siku moja huzimika ghafula ilhali kilionyesha kina chaji ya asilimia 40. Kikichomekwa kwenye umeme huwaka, kikichomolewa hufa. Dhamana ya muuzaji, ile iitwayo waranti, imekwisha zamani. Basi huwekwa juu ya kabati, na watoto huambiwa kimeharibika.

Sisi twaona kwamba mara nyingi hakikuharibika. Kilichochakaa ni betri, na betri ni kitu cha kuchakaa kama ulivyo utambi wa taa. Tofauti ni kwamba utambi kila mtu aweza kuubadili mwenyewe, lakini betri hii imefichwa nyuma ya kioo kilichogandishwa kwa gundi, na aliyeificha hakuacha hata skrubu moja ya kuonyesha njia.

Jambo hili limekuwa kubwa katika nchi yetu kwa sababu inayojulikana. Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi zaidi ya laki mbili, na kazi ile ilipokwisha serikali ikavielekeza katika elimu, walimu wakagawiwa. Betri ya lithiamu ya aina hii hustahimili kujazwa na kumalizwa kiasi cha mara 300 hadi 500, kisha uwezo wake hushuka kufikia yapata asilimia 80 ya ule wa mwanzo, na baada ya hapo huzidi kwenda chini. Kifaa kinachotumika kila siku darasani hufika huko katika muda wa miaka miwili au mitatu.

Joto nalo huharakisha mambo. Betri iliyojaa kabisa ikikaa mwaka mzima katika joto la digrii 40 hupoteza kiasi cha theluthi ya uwezo wake, hata kama haikutumiwa. Ikikaa na chaji ya nusu hivi katika digrii 25 haipotezi ila kidogo. Nasi twakaa bondeni, chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, chini ya mabati. Maji ya Kidatu na Kihansi hutoa umeme unaotumika nchi nzima, lakini ziko nyumba za bonde hili hili zinazochaji kwa paneli ya jua, na kishikwambi huachwa dirishani karibu na waya, jua likikipiga tangu asubuhi mpaka Adhuhuri. Yafaa kiwekwe kivulini, mahali penye hewa, tena kisiachwe kwenye chaji usiku kucha juu ya godoro.

Kabla ya kukifungua, mwenye nacho na ajiulize kwanza ni mali ya nani. Kile alichonunua kwa fedha yake ni chake, na hasara akiitia ni yake. Kile alichokabidhiwa na serikali kwa ajili ya kazi ni mali ya umma, ni amana mkononi mwake. Huyo na ampelekee khabari mkuu wa shule, kwa maandishi, asubiri idhini. Twajua kwamba majibu huchelewa. Hata hivyo kukivunja kioo cha kitu cha amana, kwa nia njema, hakumwondolei mtu dhima.

Tena na ahakikishe kwamba kilichokufa ni betri kweli. Jaribu chaja nyingine na waya mwingine. Tazama tundu la chaji kwa tochi, kwani vumbi na nyuzi za mfuko hujaa humo. Kifaa kikiwa kimezimwa, ondoa uchafu huo taratibu kwa kijiti kikavu cha mti. Kiache kwenye chaji saa kadhaa mchana, ukiwa karibu nacho, kwani betri iliyokauka kabisa hukawia kuamka. Wako walionunua betri mpya, na ugonjwa ulikuwa ni waya.

Lakini ukiona kioo kimeinuka upande mmoja, au mgongo wa kifaa umefanya tumbo, hapo hapana haja ya kujaribu. Betri imevimba kwa gesi. Usikichaji tena hata dakika moja, usikibonyeze ili kirudi, wala usikitoboe. Kiweke nje ya chumba cha kulala, juu ya mchanga au sakafu ya saruji, mbali na mapazia na mafuta. Betri ya namna hii ikishika moto hutoa moshi wenye sumu. Watu watoke kwanza, na kama kifaa hakikuunganishwa na umeme imwagiwe maji mengi kutoka mbali, kwani kinachotakiwa ni kuipoza. Iliyovimba na itolewe na fundi mzoefu. Hapo hatumshauri kijana yeyote ajifunzie ufundi.

Katika kununua betri ndipo watu wengi wanapoliwa. Jina la kishikwambi peke yake halitoshi; betri ina namba yake iliyoandikwa mwilini, na hiyo ndiyo ya kumpa mtu anayekwenda Kariakoo. Volti zilingane, soketi ilingane, na vipimo vyake vienee mahali palepale. Ukiona betri ya ukubwa uleule imeandikwa uwezo maradufu ya ile ya zamani, jua maandishi hayo ni ya uwongo, kwani uwezo hauongezeki bila ya mwili kuongezeka. Iko njia nyepesi isiyohitaji elimu kubwa: zipime zote mbili kwenye mizani ndogo, ya zamani na mpya. Mpya ikiwa nyepesi mno, irudishe. Na muuzaji anayejua kwamba bidhaa yake si ya asili, kisha akanyamaza, huyo anafanya ghishi, na hukumu ya ghishi haihitaji kuelezwa katika nyumba zetu.

Sasa tuje kwenye kufungua, ambako ndiko penye kazi yenyewe. Vishikwambi vingine vimefungwa kwa vibano vya plastiki upande wa mgongo; hivyo huachia kwa kadi ngumu ya plastiki ikipitishwa ukingoni. Vingine havina njia ila kupitia mbele, chini ya kioo. iPad ya kwanza, ya mwaka 2010, ilifungwa kwa vibano. Kuanzia ya pili, ya 2011, kioo kikagandishwa kwa gundi, na watengenezaji wengine wengi wakaifuata njia hiyo kwa kuwa hufanya kifaa kiwe chembamba.

Gundi hiyo hulainika kwa joto la kiasi. Wako wanaotumia mashine ya kukaushia nywele. Sisi twapendelea kitu ambacho bonde hili halikosi, yaani mchele. Ukaange mchele mkavu kidogo, uutie katika soksi nene ya pamba, uuweke juu ya ukingo mmoja wa kioo kwa dakika mbili tatu. Moto wake uwe wa kustahimilika na mkono, na usiulaze katikati ilipo betri. Pasi ya mkaa haifai kabisa. Kabla ya hayo yote chaji iwe imeshuka chini ya robo, kifaa kiwe kimezimwa, na laini ya simu pamoja na kadi ya kumbukumbu viwe vimetolewa.

Kisha uingize kadi ya plastiki kidogo tu pembezoni, usogee, upashe tena, usogee tena. Anayetaka kumaliza kwa dakika kumi ndiye anayevunja kioo, na kioo mara nyingi ni ghali kuliko betri. Kikiachia, usikifunue kama unavyofunua kitabu. Chini yake mna tepe nyembamba zinazokiunganisha na bodi, nazo hukatika upesi. Skrubu uzipange juu ya karatasi kwa namna ulivyozitoa, maana hazilingani urefu, na ndefu ikiingia mahali pa fupi yaweza kupasua kioo kwa ndani.

Soketi ya betri ndiyo ichomolewe kabla ya kugusa kitu kingine. Betri yenyewe nayo imegandishwa. Ni mfuko laini wa aluminiamu, na kisu au bisibisi ikiutoboa moto hauko mbali. Dondosha spiriti kali ya dawa pembeni yake, ngoja kidogo, uinyanyue kwa plastiki pole pole bila ya kuikunja. Mpya ikiingia, jaribu kwanza kabla ya kufunga. Kioo kirudishwe kwa utepe wa gundi wa pande mbili, si kwa gundi ya haraka ambayo itamtesa atakayefungua baada yako. Chaji ya kwanza uisimamie kwa macho.

Asiyeweza haya na ampe fundi, wala si aibu. Ila kabla ya kumpa, picha za nyumbani na za wake zenu na binti zenu zihamishwe, na kama kifaa hakiwaki, umkabidhi fundi unayemjua, ukae naye mpaka amalize. Mwulize mbele ya shahidi kama betri anayotia ni ya asili au la, na mkubaliane juu ya kioo: kikivunjika mkononi mwake, nani atalipa? Maneno hayo yakisemwa baadaye huwa ugomvi.

Je, ni haki mtengenezaji kukifungia hivyo kitu kinachojulikana kwamba kitachakaa? Sisi twaona si haki, na hatuko peke yetu. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka, kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kwa zana za kawaida, isipokuwa kwa baadhi ya vifaa vilivyopewa udhuru. Na tangu 20 Juni 2025, anayeuza vishikwambi huko hupaswa vipuri vyake vipatikane kwa miaka 7 baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa. Sheria hiyo haihukumu Ifakara. Lakini mnunuzi wa Ifakara aweza kumwuliza muuzaji, kabla ya kutoa fedha, kama mgongo wa kifaa hiki hufunguka na kama betri yake hupatikana. Na mwenye duka akiulizwa hivyo na watu ishirini, atakumbuka siku ya kuagiza mzigo.

Imebaki betri ya zamani. Isitupwe jaani inapochomwa taka, wala mtoni, wala katika jaruba za mpunga. Nchi yetu inazo kanuni za mwaka 2021 juu ya taka za umeme na elektroniki, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira ndilo lenye kuzisimamia. Funika ncha za waya wake kwa utepe wa umeme, uitie katika kopo la bati lenye mchanga mkavu, uliweke mbali na jiko na mahali wasipofika watoto, mpaka apatikane mtu anayekwenda Morogoro au Dar es Salaam wa kuifikisha kwa wakusanyaji wenye kibali.