Hirizi Hairejeshi Maji Mwilini



Mtoto mchanga akianza kuharisha, katika nyumba zetu nyingi hukimbiliwa kwanza mwandika kombe na mshona hirizi. Huyo husema ni zongo, ni jicho la jirani. Mtoto hufungwa uzi mweusi mkononi, hunyimwa maji ati yasimzidishie tumbo, na siku ya tatu macho yamezama, utosi umebonyea, analia bila ya machozi.

Twasema waziwazi: huku si kutawakali. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu, na akabainisha kwamba kutundika hirizi ni shirki. Mnaokula fedha ya hirizi, mtajibu nini mbele ya Allah?

Kinachomwua mtoto ni kupungukiwa na maji na chumvi, na dawa yake haina siri. Pakiti ya ORS ya lita moja ikorogwe katika lita moja kamili ya maji safi, anyweshwe kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, ngojeni dakika 10 muanze tena. Apewe na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kama ilivyoelekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2004. Ziwa la mama lisikatizwe kabisa. Akiharisha damu, au akishindwa kunywa, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Kumsomea mtoto Al-Fatiha hatukukatai, bali ni katika sunna. Msomeeni njiani, mkielekea hospitali.