Chambo Kisichooza

Uvuvi wa mshipi ni shindano la haki maadamu kila mmoja ana silaha yake: mvuvi ana akili na subira, samaki ana mbio na hofu. Mvuvi akishinda, samaki huenda kikaangoni. Samaki akishinda, hurudi kilindini. Lakini hapana haki katika shindano ambalo mmoja huondoka uwanjani akamwachia mwenzake mzigo tumboni. Nitalisema neno hili waziwazi, msomaji, hata kama litawaudhi wengine: mtu atupaye chambo cha plastiki majini hastahili kuitwa mvuvi. Yeye ni mchafuzi aliyebeba mshipi.

Katika maziwa ya Marekani wako samaki wadogo wapendwao sana kwa kuwa huenea kikaangoni wakiwa wazima. Maarufu miongoni mwao ni krapi na blugili. Majira ya kuchipua yafikapo, huja ukingoni kutaga. Kisha krapi wengi huhama, wakaelea katikati ya ziwa wakiyafuata makundi ya vidagaa. Mvuvi awatakaye hana budi kupanda mashua, kuiacha ichukuliwe polepole na upepo, na kuteremsha ndoana yenye kichwa cha risasi, iliyovikwa kiwiliwili cha plastiki laini, kirefu kama pingili ya kidole. Mkia wake hutikisika mfano wa mkia wa kidagaa. Krapi, apendaye kula kilicho juu yake, hupanda, akafumbua kinywa, akadanganyika.

Usidhani kwamba nauchukia ustadi huo. Mwaka 1949, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Nick Creme na mkewe Cosma walitengeneza nyungunyungu wa plastiki laini, na tangu hapo biashara ya vyambo hivyo imekua hata ikaenea duniani. Chambo hicho hakihitaji kulishwa, wala hakifi njiani. Tena chaokoa vidagaa hai, ambao wakichukuliwa kutoka ziwa moja hata jingine huweza kueneza maradhi na viumbe wageni. Sifa hizi ni za kweli, na abishanaye kwa haki hazifichi.

Ila sifa iliyo kubwa kuliko zote ndiyo aibu yake: hakiozi. Nyungunyungu wa kweli akianguka majini huliwa akawa nyama ya samaki. Wa plastiki akianguka huliwa akabaki plastiki. Aghalabu hutengenezwa kwa plastiki ya jamii ileile itengenezayo mabomba ya maji, iliyolainishwa kwa dawa ya majimaji kama mafuta. Kwa ulaini huo huraruka upesi. Samaki humkata mkia, au humchopoa ndoanani, na mvuvi mvivu hukitupa kipande kilichosalia kando ya mashua, akavika kipya.

Je, samaki hukila kipande hicho? Mwaka 2009 wataalamu wa jimbo la Maine walitangaza jaribio walilofanya kwa trauti. Waliwapa vyambo vya plastiki laini bila ndoana na bila kuwalazimisha. Wengi walivimeza kwa hiari yao. Na waliokaa navyo tumboni walipungua uzito. Tumbo lililojaa kitu kisicho chakula ni njaa iliyovaa nguo ya shibe.

Wako wasemao kwamba kipande kimoja ni kitu kidogo. Nakubali. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa na wengi. Wamarekani zaidi ya milioni 30 huvua kwa burudani kila mwaka. Kila mmoja akiangusha kipande kimoja tu, ni vipande milioni 30. Nani basi atasema kuwa chake hakimo?

Wako pia wasemao kwamba sheria itawaonea wavuvi. Mwaka 2013 mswada wa kuvikataza vyambo hivyo ulifikishwa katika bunge la Maine. Wavuvi waliupinga kwa nguvu, na mahali pa katazo pakawekwa uchunguzi. Mimi sisemi kwamba katazo ndiyo dawa ya pekee, kwani askari hawezi kukaa katika kila mashua. Nasema kwamba mtu asiyetaka kutawaliwa na sheria sharti ajitawale mwenyewe. Asiyetaka hili wala lile hatetei uhuru. Anatetea uvivu wake.

Wala usiseme, msomaji, kwamba jambo hili ni la Marekani peke yake. Katika Ziwa Naivasha yuko samaki aitwaye bass, aliyeletwa kutoka Marekani, naye ni wa ukoo mmoja na krapi na blugili. Tena sisi tunaijua plastiki. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na adhabu yaweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Wengi walidhani kwamba soko litasimama. Soko halikusimama, mikono ilizoea kikapu.

Dawa ya chambo ni nyepesi kuliko ya mfuko. Mvuvi na achukue kopo moja mashuani, na kila kipande kilichoraruka kiingie humo, kirudi naye nchi kavu. Akitaka lililo bora zaidi, na afunge ndoanani manyoya au nywele za mnyama kama walivyofanya wavuvi wa zamani, nao walipata samaki.

Basi, kijana, siku utakayoketi ukingoni mwa maji, mshipi mkononi, kumbuka kwamba ziwa halina mdomo wa kukushtaki. Wema wa mtu hupimwa mahali asipoonwa, na kopo lako ndilo litakalotoa ushahidi.