"Oh! Susanna" si wimbo wa chekechea

Katika familia nyingi za Marekani zinazosomesha watoto nyumbani, muziki wa kale wa nchi hiyo huingizwa kwenye ratiba bila wasiwasi wowote. Mzazi anayechunguza kila wimbo wa rap kabla haujamfikia mwanawe, anayezima redio mara wimbo wa mapenzi unapoanza, huyo huyo humfundisha mtoto wa miaka sita "Oh! Susanna" bila kusoma ubeti wa pili. Ukimuuliza, jibu ni fupi: huo ni wimbo wa zamani. Na cha zamani, kwa imani iliyoenea, ni safi, ni chepesi, hakiwezi kumdhuru mtoto.

Imani hiyo haina msingi, na ushahidi umechapishwa tangu karne ya 19.

Stephen Foster, kijana wa Pittsburgh, alitoa wimbo huo mwaka 1848. Ni wimbo wa majukwaa ya wazungu waliojipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa, wakaigiza na kuwacheka watu weusi kwa Kiingereza kilichovunjwa makusudi. Ubeti wa pili unafanya mzaha juu ya umeme unaoua watu weusi 500, tena unawaita kwa tusi baya kuliko yote katika Kiingereza cha Marekani. Vitabu vya watoto viliufuta ubeti huo kimyakimya na kubakiza banjo na safari ya kumfuata mpenzi. "Turkey in the Straw", ambao watoto wengi wa Marekani waliujua kwanza kutoka gari la aiskrimu, ulivuma miaka ya 1830 kwa jina la "Zip Coon", na shabaha ya dhihaka yake ilikuwa mtu mweusi wa mjini aliyethubutu kuvaa kama bwana.

Hayo hayakuwa mambo ya vichochoroni. Februari 1843 wazungu wanne walipanda jukwaani New York kwa jina la Virginia Minstrels, wakiwa na fidla, banjo, tari na mifupa ya kugonganisha. Muda si mrefu maonyesho ya aina hiyo yakawa burudani kubwa kuliko zote nchini. Nyimbo nyingi ambazo leo watoto hufunzwa kama urithi wa kijijini zilipita kwanza kwenye majukwaa hayo.

Wapo watakaosema mtoto wa miaka sita aachwe aimbe, historia itakuja baadaye. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama historia kweli ingekuja. Mara nyingi haiji. Mtoto hukua na picha ya Marekani ya zamani iliyojaa furaha, kila mtu akipiga banjo barazani, na akifika miaka 15 akakutana na ubeti wa pili kwenye simu yake, anagundua pia kwamba mama alijua au hakujishughulisha kujua. Hakuna anayedai mtoto mdogo asomewe tusi. Kinachodaiwa ni kwamba, hadi atakapokuwa tayari kuambiwa ukweli, aimbe kitu kingine, na vitu vingine vipo tele.

Hapa ndipo imani hiyo inapoleta hasara kubwa zaidi. Mzazi anayeridhika na nyimbo kumi zilizosafishwa humnyima mtoto muziki wenyewe.

Chukua banjo. Wengi huiona kama ala ya mzungu wa milimani mwenye kofia ya majani. Thomas Jefferson, ambaye mwenyewe alimiliki watumwa, aliandika katika kitabu chake kuhusu Virginia kwamba ala hiyo waliileta watu weusi kutoka Afrika. Mchoro wa rangi za maji wa John Rose, uliochorwa South Carolina mwishoni mwa karne ya 18, unamwonyesha mtumwa akipiga banjo ya kibuyu kilichowambwa ngozi, wenzake wakicheza. Wajola wa Senegambia bado wanapiga akonting, ala ya kibuyu na nyuzi tatu ambayo mtu aliyezoea kuona zeze atajua mara moja iko ukoo gani. Joel Sweeney, miongoni mwa wazungu wa kwanza kujulikana kwa banjo jukwaani, alijifunza kwa watu weusi wa Virginia. Kisha akajipaka masizi, akaenda kuwaigiza walimu wake kwa kiingilio.

Mtoto anayejua hilo haisikii banjo tena kwa sikio lile lile. Na kibuyu, gozi na uzi si vitu vigumu kupatikana kwa somo la Ijumaa mchana.

Sehemu nyingine ya imani hiyo ni kwamba muziki huo ni mwepesi, wa kuchangamsha tu, na muziki wa maana unaanza kwa Mozart. Mwenye fikra hizo angefanya vyema kukaa saa moja na William Billings, mtengenezaji wa ngozi wa Boston, mwenye jicho moja lisiloona na mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Alijifunza utunzi karibu peke yake, na mwaka 1770 akachapisha kitabu chenye tungo zaidi ya 120, zote zake, chenye picha ya mbele iliyochongwa na Paul Revere. Sauti zake nne hufukuzana, hupishana, hugongana, kisha hukutana pale msikilizaji alipokwishakata tamaa. Wenye elimu ya Ulaya walizidharau baadaye kama kazi ya mtu asiyejua kanuni. Billings alifariki maskini mwaka 1800.

Mwaka uliofuata kilitoka Philadelphia kitabu cha William Little na William Smith kilichowapa waimbaji wa kawaida njia ya mkato: kila noti na umbo lake, pembetatu kwa fa, duara kwa sol, mraba kwa la, almasi kwa mi. Mtoto anayejua maumbo ameshaanza kusoma muziki. The Sacred Harp, kitabu cha namna hiyo kilichotolewa mwaka 1844 na wanaume wawili wa Georgia, kinaimbwa hadi leo: watu huketi pande nne wakitazamana, kila sauti upande wake, na anayeongoza husimama katikati, hata akiwa mtoto. Hakuna hadhira. Mzazi anayesema hajui kuimba hana tena pa kujificha.

Tena walimu wa kuimba hawakuwa wazungu peke yao. Newport Gardner aliletwa Rhode Island kutoka Afrika akiwa kijana, akauzwa, akajifundisha kusoma na kuandika muziki, akafungua shule yake ya uimbaji. Alipata uhuru mwaka 1791 baada ya kushinda bahati nasibu pamoja na wenzake, na mwaka 1826, akiwa mzee, alipanda meli kurudi Afrika na kufia Liberia. Maisha hayo peke yake yanatosha muhula mzima wa historia, jiografia na muziki, lakini nafasi yake kwenye ratiba huchukuliwa na "Yankee Doodle".

Kwa mtoto wa miaka 11 au 12, Foster arudishwe mezani, safari hii na karatasi ya asili; Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni maelfu ya karatasi za muziki za karne ya 19 bila malipo. Kando yake iwekwe Slave Songs of the United States ya mwaka 1867, nyimbo 136 zilizokusanywa na watu watatu, mmoja wao Lucy McKim, aliyefika visiwa vya South Carolina akiwa na miaka 19. Wakusanyaji hao walikiri kwamba noti zao hazikuweza kushika sauti walizosikia. Kisha zifuate rekodi za Fisk Jubilee Singers wa Nashville, kundi lililoanza safari mwaka 1871 kuokoa chuo chao kilichokuwa kinafilisika. Waimbaji wa kwanza, wengi wao waliozaliwa utumwani, walisita kuziimba mbele ya wageni nyimbo ambazo kwa wazazi wao zilikuwa ibada, na mtoto aulizwe anadhani kwa nini walisita, wakati Foster hakusita.