Mkia wa Gari

Eti drifti ya kompyuta ni mchezo wa watoto! Nimeichoka kauli hii, hasa ikitoka kwa watu ambao hawajajaribu hata kona moja. Hebu keti, ndugu, ufungue Assetto Corsa, ile ya mwaka 2014. Chagua gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, zima misaada yote. Ingia kona, vuta handibreki, nyuma iteleze. Sasa geuza usukani upesi kule mkia unakokimbilia. Ukizidisha mafuta, unazunguka kama pia. Ukiyaachia ghafla, matairi yanashika na gari linakurusha upande wa pili. Utoto uko wapi hapo, bwana? Keiichi Tsuchiya alijifunza hayohayo kwenye barabara za milimani kule Japani. Kweli, kiti changu hakinisukumi mgongo, na nikigonga ukuta sifi. Lakini hawa wanaosema huwi fundi mpaka uunguze matairi ya kweli, matairi hayo atanunua nani? Mimi sina. Maana yake ufundi wabaki nao wenye pesa. Sikubali! Waje tushindane kona moja tu, misaada imezimwa.