Majina Yetu Yasitegemee Kivuko Kimoja

Kabla ya kujengwa daraja la mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018, gari la kutoka Ifakara kwenda Mahenge lilitegemea kivuko. Kivuko kikisimama, safari husimama. Majina ya intaneti nayo yana kivuko chake. Mtu aandikapo ihi.or.tz, jina la Taasisi ya Afya Ifakara, kompyuta huuliza kwanza seva ya majina ili ipewe namba ya mahali pa kwenda. Mfumo huo ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983.

Siku hizi taasisi nyingi duniani hukabidhi kazi hiyo kwa kampuni za wingu, zenye seva katika nchi nyingi. Si vibaya. Lakini Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilidhoofika sana. Wakati kama huo, jina linalojibiwa ng'ambo tu laweza kupotea, hata kama mashine yenye takwimu za malaria ipo papa hapa bondeni. Jibu lililopangiwa kuhifadhiwa sekunde 300 hudumu dakika 5 tu.

Basi wingu litumike, ila seva nyingine ya majina iwe nchini, na majibu yahifadhiwe kwa saa, si dakika.